Siga Iliyoungua Upande Mmoja

Njiti zilikuwa nane. Inspekta Kokushubila alizihesabu mara ya pili, amechutama katikati ya chumba kilichoungua, buti zake zikiwa ndani ya maji meusi yaliyochanganyika na mchanga na mabaki ya sponji. Njiti nane za kiberiti, zote zimeungua mpaka karibu na mkia, zimetawanyika hatua moja tu kutoka kitandani. Uvunguni, kwenye sakafu ya saruji, ilikuwa imelala siga yenyewe, nene kama kidole gumba cha mwanamume. Haikuwa imeungua hata robo.

"Afande, mie naona ishu hii nyepesi," alisema Koplo Mfaume, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kwapani. "Mzee kawasha siga yake kitandani, usingizi ukampitia, siga ikaangukia godoro. Sponji hiyo. Moto wenyewe mdogo, moshi ndio unaua. Tumeona wangapi?"

"Wengi," Kokushubila alijibu bila kugeuka.

Marehemu aliitwa Sadallah, umri miaka sitini na minane. Alikuwa mpishi melini kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi moja kwa moja kwenye nyumba ya mama yake hapa Kiwalani, katika vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti. Jana Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, majirani waliona moshi ukitoka chini ya mlango wake. Waliingia, wakamwaga ndoo za maji na mchanga. Godoro lilikuwa limeungua upande wa ukutani tu, lakini mzee alikuwa ameshakata roho. Asubuhi hii daktari alikuwa amempigia Kokushubila simu: masizi yamekutwa mpaka ndani ya koo. Maana yake mzee alikuwa hai moto ulipoanza, akauvuta ule moshi. Kwenye droo ya meza kulikuwa na vidonge vya usingizi alivyoandikiwa hospitali. Kila kitu kilikubaliana na maneno ya Mfaume.

Ndege ilipita juu ya paa, chini mno, mabati yakatetemeka. Wote wawili wakanyamaza mpaka ilipotua ng'ambo ya ukuta wa uwanja. Ndivyo watu wa Kiwalani wanavyozungumza, kwa vipande.

Kokushubila aliinyanyua siga kwa koleo dogo, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Moto ulikuwa umeila upande mmoja, ukachimba mfereji kuelekea mkiani. Upande wa pili jani lilikuwa zima, halijaguswa. Ganda la nje lilikuwa limepasuka kwa urefu kama soseji iliyokaangwa kwa moto mkali.

"Wewe unavuta, Mfaume?"

"Sigara za kawaida tu, afande."

"Unatumia njiti ngapi kuwasha moja?"

"Moja. Kukiwa na upepo, mbili."

"Humu hakuna upepo. Dirisha hili mmelikuta limefungwa?"

"Limefungwa na komeo, kwa ndani."

Alilitazama dirisha. Kwenye fremu, pale komeo linapoingia, kulikuwa na vumbi la siku nyingi lililokwanguliwa karibuni. Mwezi wa tano, kwenye fukuto la Kiwalani, mzee aliyekuwa akilala dirisha wazi alikuwa amelala limefungwa. Aliandika hilo kwenye daftari, akatia siga na njiti kwenye mifuko ya vielelezo, kila kimoja na namba yake.

Mjane, Bi Chausiku, alikuwa chumba cha pili, amekaa kwenye mkeka na kanga mbili mwilini, wanawake wa mtaa wamemzunguka. Walipomwona askari walitoka mmoja mmoja. Akabaki binti yake, Nusaiba, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani anayeishi Mwananyamala. Alikuwa ameshika glasi ya maji ambayo mama yake hakuitaka.

"Shikamoo mama. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Jana mzee alipolala, wewe ulikuwa wapi?"

"Kliniki, Temeke. Presha yangu. Niliondoka saa sita, nikarudi nikakuta watu wamejaa mlangoni."

"Na wewe dada?"

"Mie nilipigiwa simu," Nusaiba alisema. "Nilifika hapa Magharibi."

Kokushubila alimgeukia tena mama. "Mzee alikuwa anavuta mara nyingi?"

Bi Chausiku aliutazama mkeka. "Kila Jumamosi. Na siku nyingine, akijisikia."

"Kitandani?"

"Akijisikia," alirudia.

Siga zilikuwa zinawekwa wapi? Bi Chausiku alionyesha uvungu wa kitanda chake. Mfaume akavuta kutoka huko deli dogo la plastiki, la aina ile wanayobebea aiskrimu, limefungwa kwa mpira wa bodaboda. Ndani mlikuwa na siga kumi na tisa, kipande cha sponji chepechepe, na kidude cha duara kama saa ya mkononi, chenye mshale mmoja. Mshale ulisimama kwenye themanini na mbili. Kokushubila alibonyeza siga moja. Ilikuwa laini, imefura.

Kwenye kabati la jikoni, kando ya kopo la chumvi, alikuta bati la biskuti lililoandikwa kwa kalamu nene: WASIGUSE WATOTO. Alilifungua akidhani ni siga nyingine. Ulikuwa ni mchele, umefunikwa kitambaa cheupe. Fukusi walitembea juu ya kitambaa. Na uani, juu ya viroba vilivyopandwa mchicha, lilining'inia kopo lenye vipisi vikavu vya siga. Bi Chausiku alikuwa akiviloweka na kunyunyizia mboga maji yake, kuua wadudu. Kokushubila alivimwaga kwenye gazeti, akavipanga. Kumi na moja. Kila kimoja kilikuwa kimeungua sawasawa pande zote, kana kwamba kimekatwa kwa kisu.

Aliweka picha ya siga ya uvunguni kando ya vipisi vile, akaviangalia kwa muda mrefu.

Kabla ya kuondoka alimhoji Gladness, mpangaji wa chumba cha mbele, anayepiga pasi nguo za watu barazani kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakuna anayeingia nyumba ile bila kumpita yeye na pasi yake.

"Jana mchana aliingia mgeni yeyote?"

"Hapana, afande. Mgeni hakuingia."

"Una uhakika?"

"Mgeni hakuna. Ningemwona."

Kokushubila aliandika: *Hakuna mgeni.*

* * *

Mfaume hakupenda faili libaki wazi, lakini likiwa wazi alipenda liwe na mtu ndani yake. Kufikia alasiri ya siku hiyo hiyo alikuwa amemleta Anwar, mtoto wa dada yake Sadallah. Mtaa mzima ulijua kwamba Anwar na mjomba wake waligombana mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Anwar alitaka nyumba ya bibi iuzwe, mzee akakataa, kijana akatukana, akafukuzwa. Tangu hapo alikuwa amepanga chumba Temeke.

Alikaa mbele ya Kokushubila na mavumbi ya mizigo bado yako kwenye nywele zake. Alikuwa mpakiaji pale uwanja wa ndege.

"Mie sikumuua mjomba."

"Hakuna aliyesema ameuawa."

"Sasa huyu braza kanivuta mkanda mbele ya watu kazini kwa sababu gani?"

Mfaume alikohoa.

"Jana saa tisa ulikuwa wapi?" Kokushubila aliuliza.

"Ndani ya ghala. Tunapigwa picha tukiingia, tunapigwa picha tukitoka. Nendeni mkaangalie. Niliingia saa moja asubuhi, nikatoka saa kumi na mbili."

"Kiwalani na uwanja wa ndege vinatenganishwa na ukuta."

"Ukuta una umeme, afande. Na mie si paka."

Kokushubila alimsogezea picha ya siga. Anwar aliitazama, akakunja uso. Halafu akafanya kitu ambacho Mfaume hakukitegemea. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Hii mjomba hakuiwasha."

"Kwa nini?"

"Hii imetolewa kwenye deli moja kwa moja. Mjomba alikuwaga anapiga kelele nyumba nzima juu ya hilo. Siga haivutwi kutoka kwenye deli! Inakaa kwanza kwenye mchele. Kama ningetaka kumsingizia, ningechukua ya kwenye mchele. Niliishi naye miaka minne, najua." Akafuta uso kwa kiganja. "Muulizeni Mzee Rogers wa Kibamba, walikuwa meli moja. Ndiye aliyemfundisha."

Picha za ghala zilifika saa kumi na moja jioni. Anwar alionekana akiingia, na hakuonekana akitoka mpaka saa kumi na mbili. Kokushubila alisaini fomu ya kumwachia, akamwomba radhi kwa niaba ya kituo. Anwar aliuliza tu kama ataruhusiwa kumzika mjomba wake.

* * *

Mzee Rogers alikuwa fundi wa mafriji. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya Morogoro, Kibamba, majokofu yaliyokufa yamepangwa nje kama watu wanaosubiri zamu. Asubuhi ya Ijumaa Kokushubila alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, bisibisi mdomoni. Habari ya kifo ilikuwa imeshamfikia. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono haikuacha kufanya kazi.

"Shikamoo mzee. Pole kwa kuondokewa na rafiki."

"Marahaba. Ahsante, binti. Uliza unachotaka, mimi nikiacha kazi nitalia."

"Nieleze kuhusu siga na mchele."

Rogers alitoa bisibisi mdomoni. "Siga ni jani, na jani likikauka kabisa linakufa. Mafuta yanaisha, harufu inakwenda. Kwa hiyo unalitunza penye unyevu. Kile kidude chenye mshale kinakuonyesha. Sitini na tano, sabini, hapo siga inaishi hata miaka. Sasa tatizo ni kwamba kwenye unyevu huo huo, ukiiwasha inakusumbua. Inazimika, unawasha, inazimika. Moto unakimbilia upande mmoja. Ndani mvuke unafura, ganda linapasuka. Na moshi wake mchungu. Kwa hiyo mtu anayejua anaitoa siku mbili kabla, anaipumzisha pakavu, unyevu unapungua kidogo. Hapo ukiiwasha inaungua sawa mpaka mwisho, kwa njiti moja."

"Kwa nini mchele?"

"Kule tulikokuwa tukitia nanga, nchi za baridi, unaiacha tu mezani. Dar mezani ni wapi? Hewa yenyewe maji. Masika ukiiacha nje haikauki, inazidi kunywa. Ndipo Sadallah akabuni mchele wake. Anaukaanga bila mafuta mpaka unakauka kabisa, anaupoza, anautia kwenye bati, kitambaa juu, siga juu ya kitambaa. Mchele unanyonya maji. Alhamisi anakaanga, Jumamosi anavuta. Na kila wiki anakaanga upya, maana ukishanyonya umeshanyonya."

Kokushubila alifungua daftari lake. "Mzee, mchele nilioukuta kwenye bati una fukusi."

Bisibisi ilisimama.

"Wa Sadallah?"

"Wa Sadallah. Na mshale kwenye deli ulikuwa themanini na mbili."

Rogers aligeuka akakaa chini kabisa, mgongo kwenye friji. "Themanini na mbili ni deli lililosahauliwa. Masika, usipoliangalia, linafuata hewa ya nje. Na mchele uliokaangwa hauingii fukusi ndani ya wiki moja, lazima urudi ubichi kwanza. Aliniambia jambo, binti, na mimi sikulielewa. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu. Akasema, 'Rogers, Jumapili ya mwisho wa mwezi njoo Kiwalani uchukue deli lote.' Nikamwuliza, sasa wewe utavuta nini? Akasema, 'Wewe njoo tu uchukue.' Sauti yake ilivyokuwa, nikaogopa kuendelea."

"Unadhani kwa nini?"

"Walikuwa na mjukuu, Lulu. Alifariki mwezi wa pili. Mengine waulize wenyewe."

Walirudi mjini na foleni ikiwa imekaza kuanzia Mbezi. Mfaume ndiye aliyeendesha.

"Afande, kwa hiyo mzee alishaacha kuvuta."

"Miezi miwili au zaidi. Mtu aliyewasha ile siga alijua zinakaa wapi, lakini hakujua kuhusu mchele. Akawasha siga mbichi kwa njiti nane. Na siga ile peke yake isingeweza kuunguza hata karatasi. Njiti ndiyo iliyowasha shuka."

"Na Bi Chausiku katuambia anavuta kila Jumamosi."

"Ametudanganya. Mke anajua mumewe anavuta au havuti. Sasa niambie, mama wa umri ule, amefiwa juzi, anakaa mkekani anamdanganya askari. Kwa ajili ya nani?"

"Anwar?"

"Anwar ni mtoto wa wifi yake, aliyetaka kuwauzia nyumba."

Mfaume alichepuka foleni, akashika njia ya Kiwalani.

* * *

Sadallah alizikwa baada ya swala ya Ijumaa. Kokushubila na Mfaume walisubiri nje ya kichochoro mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini na kukaa chini ya turubai. Ndipo akamwendea Gladness. Alikuwa ameweka pasi pembeni kwa heshima ya msiba, anaosha sahani.

"Dada Gladness, jana nilikuuliza vibaya. Nilikuuliza kuhusu mgeni. Leo nakuuliza, ni nani aliingia?"

Gladness aliendelea kusugua sahani ile ile.

"Mgeni hakuingia, afande. Nusaiba aliingia, lakini Nusaiba si mgeni."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na kitu. Hakukaa sana. Alipotoka nikamsalimia, hakuitika. Nikasema moyoni, bado ana uchungu wa mtoto wake."

"Na mzee, tangu mtoto afariki, ulisikia harufu ya siga?"

"Hata siku moja. Chumba changu ndicho kilikuwaga kinajaa moshi, ningejua."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza." Sahani ikamponyoka ndani ya beseni. "Mungu wangu. Afande, mimi sijasema kitu kibaya, sivyo? Nimesema tu aliingia."

Ndani, Bi Chausiku alikuwa palepale kwenye mkeka. Sasa alikuwa kwenye eda, amevaa nyeupe, na asingetoka katika nyumba ile kwa miezi minne na siku kumi. Nusaiba alikuwa amekaa karibu yake, magoti yamegusana. Kokushubila aliwaomba wanawake wengine wawapishe. Mfaume akasimama nje ya pazia.

Kokushubila alikaa mkekani, chini kama wao.

"Mama, aliyeingia kwa mzee Jumatano alijua haupo. Ukiwa kliniki, nani alikupigia simu?"

Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wameanza kusoma hitima, sauti zao zikapanda na kushuka.

"Naweza kuzitafuta namba kwenye kampuni ya simu. Itachukua siku mbili. Sitaki kukusumbua siku mbili."

"Mwache mama," Nusaiba alisema. "Nilipiga mie. Nilimwuliza anarudi saa ngapi."

"Nusaiba!" Mama yake alimshika mkono.

"Mama, mie nimechoka."

Kokushubila alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba si lazima aseme lolote, na kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani. Alimwambia ana haki ya kuwa na wakili au ndugu. Nusaiba alisikiliza akiitika kwa kichwa, kama mteja anayesomewa vipimo vya gauni.

"Siku ile mvua ilikuwa inanyesha," alisema. "Jumamosi. Nilimleta Lulu hapa asubuhi kwa sababu nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Pampu yake ya pumu niliisahau juu ya cherehani. Najua. Hakuna siku sijui. Lakini baba, kwa sababu ya mvua, hakutoka uani. Alivutia koridoni. Mwanangu amelala chumba hiki, mlango wazi. Alipoanza kutafuta pumzi walimpakia kwenye bajaji, foleni ikawashika. Alifia mapajani mwa mama."

Bi Chausiku alifunika uso kwa ukaya wake.

"Toka siku tuliyozika sikuzungumza na baba. Nikija, nakuja kwa mama. Juzi nilikuja… sijui nilikuja kufanya nini. Nilijua mama hayupo. Nilitaka nimwambie yote, bila mama kuniziba mdomo. Nikamkuta amelala. Anakoroma. Mwanangu alikufa anatafuta pumzi, na yeye amelala anakoroma. Nikavuta deli chumbani kwa mama, nikatoa moja. Nikiwasha inazimika. Kila ikizimika nasema, hii ikizimika naondoka. Nikawa siondoki. Ya nane sikuigusisha tena kwenye siga. Niliigusisha kwenye shuka. Nikafunga dirisha."

"Hukujua kwamba siga haiwashwi hivyo?"

"Ningejulia wapi? Utoto wangu wote baba yuko baharini. Alirudi mie nimeshaolewa. Nilikuwa naijua harufu tu, nakimbia."

"Na yeye ulidhani bado anavuta."

"Anavuta. Kila Jumamosi. Mama amekwambia."

Kokushubila alimtazama Bi Chausiku. Alikuwa ameshafanya kazi hii miaka kumi na minne na alijua kuna maneno ambayo askari hapaswi kuyasema kabla ya maelezo kuandikwa. Mtuhumiwa asije kubadilisha usemi wake. Lakini hakuweza kuyaacha yasemwe na mwendesha mashtaka mbele ya kizimba.

"Mzee hakuvuta tangu mwezi wa pili," alisema. "Alikuwa anataka deli lote lichukuliwe na rafiki yake. Mama yako alisema vile ili sisi tuamini ni ajali."

Nusaiba aliinua uso polepole. "Muongo."

Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama? Kweli?"

Bi Chausiku aliondoa ukaya usoni. Hakuwa akilia. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba ndoo kichwani mwendo mrefu na hana pa kuitua.

"Kweli, mwanangu. Toka siku tuliyorudi makaburini. Nikamwambia, mwambie mtoto, atapoa. Akanikataza. Akasema ukijua utadhani anataka umsamehe, na yeye msamaha hauombi, hana uso wa kuuomba. Nikanyamaza. Wiki kumi na mbili nimenyamaza ndani ya nyumba hii."

Ndege ilipita. Hitima ikamezwa na mngurumo, nyumba nzima ikatetemeka, na mdomo wa Nusaiba ulikuwa wazi bila mtu kujua kama unatoa sauti. Ilipokwisha kupita, sauti haikuwepo. Alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa mkeka, na mama yake alikuwa ameweka kiganja mgongoni pake, kati ya mabega, kama anavyowekewa mtoto anayekohoa.

Kokushubila aliwaacha hivyo kwa dakika kadhaa. Mfaume alipochungulia kupitia pazia, alimwashiria aondoke.

Waliposimama, Bi Chausiku alimfuata binti yake mpaka kizingitini. Hapo eda ikamsimamisha. Alishika nguzo ya mlango.

"Mwanangu afande. Na mimi je? Nimesema uongo."

"Nitakuja kukuandika hapa hapa nyumbani, mama. Leo sio."

Walimpitisha Nusaiba kwa nyuma, kwenye viroba vya mchicha, ili wanaume waliokuwa chini ya turubai wasione. Lakini Anwar alikuwa uani, anatawadha. Alimwona dada yake katikati ya askari wawili, na maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye kopo mkononi mwake mpaka yakaisha. Nusaiba hakumtazama.

Kituoni, Kokushubila aliandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe. Kurasa nne. Alimsomea yote, sentensi kwa sentensi, akimwuliza kila ukurasa kama ndivyo alivyosema. Nusaiba alikubali. Alikubali njiti, shuka, dirisha na simu, bila kutaka kupunguza neno. Mfaume akaleta kidau cha wino.

"Kuna kitu umesahau," Nusaiba alisema.

"Kipi?"

"Andika kwamba sikujua ameacha."

Kokushubila aliweka kalamu chini. "Dada, sitakuficha. Hilo halibadilishi kosa. Wakili wa serikali anaweza hata kulitumia dhidi yako."

"Najua."

"Sasa unataka liandikwe la nini?"

Nusaiba alitazama karatasi, si yeye.

"Mama atasomewa haya siku moja. Nataka alisikie kutoka kwangu."

Mfaume aligeukia dirishani. Kokushubila aliichukua kalamu, akatafuta nafasi chini ya mstari wa mwisho, juu ya pale pa kuweka dole gumba, na akaliandika neno kwa neno kama lilivyosemwa.